Kozi ya probabiliti na michakato nasibu: uzoefu wangu wa semista nzima

Nimemaliza hii kozi ya hesabu za uwezekano na za mambo yanayobadilika kwa bahati kadri muda unavyokwenda semista iliyopita na kila nikikutana na madogo wanaotaka kuichagua swali ni lile lile, niichukue au niikimbie, sasa ngoja niseme nilivyoiona mimi. Kwa kifupi ni tamu ila inaanza kukupenda wewe ukiwa umeshaichukia.

Wiki tatu za kwanza raha tupu. Sarafu, dadu, karata, lile swali la bethdei kwamba watu 23 tu wakikaa chumba kimoja uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umeshapita asilimia 50. Nikajiona kichwa. Halafu wakaingiza mambo ya wastani wa kitu kimoja ukishajua kingine na mimi hapo ndo nikapotea jumla, lekchara wetu anaijua kazi hilo sibishi ila anakimbia balaa, slaidi juu ya slaidi, na kila akisema "hii iko wazi" mimi ndo giza linazidi. Test ya kwanza nikala 11 kati ya 30.

Kosa lilikuwa langu pia, nilikuwa nakariri. Binomia, jiometri, Poisson, eksponensha, yaani aina za migawanyo ya uwezekano, zote nimebandika ukutani na fomula zake na bado swali likija silijui linataka ipi.

Kilichoniokoa ni swali moja dogo la sarafu. Unarusha mpaka upate vichwa viwili mfululizo, kwa wastani utarusha mara ngapi? Na je ukisubiri kichwa kisha namba, yaani ule upande wa pili wa sarafu? Nikajibu haraka ni sawa sawa maana kila mpangilio una uwezekano wa robo, nikabishana na wenzangu mpaka mate yakakauka. Kumbe la kwanza ni 6 na la pili ni 4!! Sababu yenyewe ukiiona unajicheka, ukisubiri kichwa-namba, ukishapata kichwa halafu namba ikagoma si umepata kichwa kingine, hujapoteza kitu, bado umesimama palepale. Ila ukisubiri vichwa viwili, namba ikitokea katikati umerudi sifuri.

Na hesabu yake ni mistari miwili tu. Wastani unaoutafuta wa vichwa viwili uite E, rusha mara moja, nusu umebaki mwanzo na nusu umefika kwenye hali ya kuwa na kichwa kimoja, wastani wa kutokea hapo uite A. Basi E = 1 + E/2 + A/2. Ukiwa hapo kwenye A unarusha tena, nusu umemaliza, nusu umerudi mwanzo, A = 1 + E/2. Zichanganye E inatoka 6. Hamna fomula ya kukariri. Na hiyo tayari ni cheni ya Markov, yaani mchakato ambao hatua inayofuata inategemea ulipo sasa tu na sio ulikotoka, umeitumia kabla hawajakutajia jina lake. Nusu ya kozi ni huo mchezo tu, hata lile swali la mcheza kamari anayefilisika, una shilingi 10 mwenzio ana 90, mnawekeana shilingi moja moja mpaka mmoja aishiwe na mchezo ni wa haki kabisa, uwezekano wa wewe kummaliza ni asilimia 10, unaupata kwa njia ile ile.

Sehemu iliyonikera ila nimeipenda ni mchakato wa Poisson, yaani matukio yanayotokea kwa bahati bila kutegemeana ila kwa kasi ile ile ya wastani. Mabasi yanakuja ovyo ovyo, wastani wa pengo ni dakika 10, ukitokea stendi muda wowote unasubiri wastani dakika ngapi? Sio 5, ni 10. Sikuamini, nikaenda kusimuleti, yaani kuiigiza kwenye kompyuta kwa lugha ya Python, mara elfu kumi na ikatoka 10 na ushee. Ni kwamba mapengo marefu yanachukua muda mwingi zaidi, so ukitokea tu hivi hivi unaangukia humo mara nyingi. Ushauri wangu, kila usichokiamini kisimuleti, mistari kumi ya kodi ya Python inatosha.

Historia nayo wanaipitia juu juu, bahati mbaya, maana kujua kwamba Markov mwenyewe, yule mwanahisabati Mrusi, mwaka 1913 alikaa akahesabu herufi 20,000 za Yevgeny Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, kwa mkono, irabu na konsonanti, kuliniondolea uoga kuliko slaidi zote. Mwendo wa Brown, yaani mtikisiko wa kiholela usiokatika kama wa chembe ndani ya maji, uliwekwa wiki mbili za mwisho na hapo sidanganyi mtu, nilitoka kama nilivyoingia.

Kama intigresheni na matrisi zinakusumbua anza na hizo kwanza, utateseka bure.

Kwenye final likaja la vichwa vitatu mfululizo. Ekwesheni tatu, nikatoa 14, nikahamia swali la pili.