Fildi ya mwanzo ya tiba ya upumuaji hapa Moshi: nendeni, ila mjue haya kabla hamjalipia

Wadau salama? Nimeulizwa sana na wanachuo wenzangu kuhusu yale mafunzo ya mwanzo ya tiba ya upumuaji yanayofanyika wodini hapa Moshi, kama yanafaa, kama wanakuachia ushike kitu au unaishia kukodoa macho, basi ngoja niandike yote hapa mara moja. Hospitali sitaitaja maana kuna sehemu nitalalamika na kuna watu kule wamenifundisha kwa moyo sana, sitaki waonekane vibaya kwa mambo ambayo hayako mikononi mwao.

Kwanza tuwekane sawa. Marekani kuna kada nzima ya watu kazi yao ni upumuaji tu, chama chao kilianzia Chicago mwaka 1947, na mwanafunzi wao hakimbizwi kwenye ventileta, ile mashine ya kumpumulisha mgonjwa, siku ya kwanza, anaanzia wodini na vitu vya kawaida kabisa, kusoma faili, kusikiliza kifua, oksijeni, nebulaiza (ile ya kuvuta dawa kama mvuke), ICU ya wagonjwa mahututi inakuja baadaye. Kwetu kazi hiyo imegawanyika, sista ana kipande chake, mtu wa usingizi chake, sisi wa fiziotherapia chetu, na fundi wa vifaa tiba naye yumo. Kwa hiyo darasa letu lilikuwa mchanganyiko wa hao wote na kiukweli huo mchanganyiko ulisaidia sana, maana unakuta unachokijua wewe mwenzako hakijui na yeye anacho cha kwake. Mpangilio waliufuata uleule, wodi kwanza mashine baadaye. Kuna watu walinuna. Mimi nasema hapo ndo walipopatia kuliko kokote.

Maana yake nini. Siku za mwanzo zote kazi ilikuwa kuhesabu pumzi. Utasema hiyo mbona rahisi, haya nenda wodi yoyote kafungue mafaili uone, kila mtu anapumua mara 20, mzee 20, kijana 20, aliyetoka theatre 20, kwa sababu watu wanakadiria. Mkufunzi wetu ukimpa 20 anakuuliza umehesabu dakika nzima? na anasimama na wewe mnahesabu upya, dakika nzima kwa saa, na mgonjwa hujamwambia unahesabu maana akijua tu anabadilisha pumzi. Mtu mzima akiwa ametulia ni 12 mpaka 20. Watoto wana namba zao: chini ya miezi miwili ikifika 60 kwa dakika ni haraka, miezi miwili mpaka kumi na moja ikifika 50, mwaka mmoja mpaka mitano ikifika 40. Hizo namba tulizilala tukaziamka.

Na kipindi kile kilikuwa cha baridi, mnaijua Moshi mwezi wa saba, watoto wanashushwa kutoka Kibosho, Marangu, Old Moshi huko wamefungwa masweta matatu na kitenge juu. Mtoto wa namna hiyo humuoni kifua. Mkufunzi anamwambia mama kwa upole, "Mama, tumfungue kidogo tumwone anavyovuta," nguo zikitoka tu unaona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, mtoto ambaye dakika moja nyuma ulidhani amelala tu vizuri. Tena unasubiri atulie, akiwa analia hesabu yako haina maana. Kitu hiki hakuna slaidi itakayokufundisha.

Oksimita ya kidole, kile kifaa kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, nayo waliifundisha vizuri mno, nimeona niiandike kirefu kidogo maana siku hizi kila mtu anayo mpaka nyumbani. Ile namba sio amri. Mikono ikiwa ya baridi inadanganya, kucha zikiwa na rangi au hina nzito inaweza kudanganya, na utafiti umeonyesha kwa watu wenye ngozi nyeusi, yaani sisi, mara nyingine inasoma juu kuliko hali halisi ya damu, kwa hiyo ukiona 93 na mtu anahema usijifariji. Halafu lile la mkaa. Watu wa huku wakati wa baridi wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, mtu analetwa kichwa kinamuuma, amelegea, unamwekea oksimita inakwambia 99. Mashine haiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba ile hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, zote kwake ni nyekundu. Hapo unauliza habari za nyumbani kwanza, ulilala wapi, mlikuwa wangapi, jiko lilikuwa wapi, na oksijeni unampa nyingi kwa maski bila kujali ile 99.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi peke yake linatosha kulipia haya mafunzo: oksijeni ni dawa. Ina dozi, ina kiwango, inaandikwa. Nilikutana na bibi mmoja wa kutoka mlimani, maisha yake yote amepikia kuni kwenye jiko la mafiga, sigara hajawahi kugusa, lakini mapafu yamechakaa kwa moshi, COPD kabisa, yaani ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Mtoto wake mkubwa kasimama pembeni anasema, "Dokta mwongezee mama hewa, mbona mmemwekea kidogo hivyo?" Na kweli ukiangalia flomita, kile kipimo cha oksijeni inayotoka, iko lita moja kwa dakika na oksimita 90, unaona huruma, mkono unakuwasha kupandisha. Ila wagonjwa wa aina hiyo lengo lao ni 88 mpaka 92, sio 94 na kuendelea kama wengine, kwa sababu wengi wao miili imeshazoea kukaa na kabonidayoksaidi nyingi, ukimmwagia oksijeni ile kabonidayoksaidi inapanda zaidi, anaanza kusinzia, na ndugu wanafurahi mama amepumzika kumbe anaondoka. Mkufunzi hakumfokea yule kaka. Alimvuta kiti, akamwonyesha namba, akamweleza kwa nini, akamwambia ukiona mama anasinzia kuliko kawaida ita sista hapo hapo. Baada ya hapo yule kaka ndo akawa mlinzi wa flomita, hakuna mtu wa kuigusa. Bibi mwenyewe kila tukipita na shikamoo zetu anaitikia marahaba wanangu huku kavaa mipira ya puani, na aliruhusiwa akarudi nyumbani. Mambo ya jiko la kuni kule nyumbani ni kazi nyingine kubwa na nisingependa kuifanya ionekane rahisi.

Hesabu za mtungi msizidharau. Wengi wetu tulikuwa tunaangalia tu geji kama sindano bado ina kitu. Mtungi mdogo wa kusafirishia, ule saizi E, unachukua psi iliyobaki, yaani presha inayosomeka kwenye geji, unazidisha na 0.28 unapata lita, unagawanya kwa lita anazotumia mgonjwa kwa dakika. Tulipewa swali moja zuri: una mgonjwa unamtoa Arusha kumleta Moshi, kama kilomita 80, geji inasoma 1000, yuko lita 10. Piga hesabu, ni lita 280, dakika 28. Yaani na foleni ya kutokea Arusha pale Tengeru, oksijeni inakuishia maeneo ya Usa River na Boma Ng'ombe hujaiona. Darasa zima lilikaa kimya. Mtungi mkubwa wa saizi J una kama lita 6,800, huo kwa lita 5 unakupeleka saa 22 na ushee. Konsentreta zile za kuvuta hewa ya chumbani na kuchuja naitrojeni tulifundishwa kufungua na kuosha filta, kazi ya dakika chache ambayo ikisahaulika mashine inatoa hewa dhaifu huku taa inawaka vizuri tu, na kwamba kila konsentreta lazima iwe na mtungi pembeni maana umeme wetu mnaujua.

Kuna mpagazi pia aliteremshwa kutoka Kilimanjaro usiku, mapafu yamejaa maji kwa sababu ya kimo, anakohoa povu la pinki. Wenzake walisema alianza kikohozi juu huko akanyamaza asipoteze siku zake za malipo. Dawa kubwa ya hali ile ni kushuka pamoja na oksijeni, na kumwona mtu amefika anakoroma kifua kizima halafu kesho yake anaongea sentensi ndefu bila kukata, aisee, mimi nililia chooni. Watu wengi nje ya huku hawatapata mgonjwa kama huyo kwenye fildi yao, kwa hiyo ukisomea Kilimanjaro au Arusha hiyo ni bahati yako.

Watoto wa pumu. Inhela wengi wanapuliza mdomoni dawa inaishia kwenye ulimi. Tulitengeneza spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo ili dawa ifike kifuani, kwa chupa ya maji ya nusu lita, unatoboa kitako saizi ya mdomo wa inhela halafu unaziba pembeni kwa gundi isivuje, hapo pa kuziba ndo watu wanakosea. Huu sio ujanja wa kimaskini tu, Cape Town walifanya utafiti ukachapishwa 1999, watoto waliotumia chupa iliyozibwa vizuri walipata nafuu sawa na waliotumia spesa ya dukani. Kina mama walizipenda.

Haya, malalamiko. ICU ilikuwa fupi na tulikuwa wengi kupita kiasi. Kitanda kimoja mmezunguka nusu darasa, mliosimama nyuma hamuoni skrini, sista wa zamu anahitaji kupita anawaomba samahani kila dakika, na mgonjwa yule ni baba wa mtu amelala pale na tyubu mdomoni, sio haki kwake. Ventileta "msiguse", sawa naelewa kabisa, lakini basi wangetuwekea moja ya pembeni na pafu la bandia tupige alamu zote tuone. Tulichopata ni maneno, mazuri lakini maneno: alamu ikilia mtazame mgonjwa kabla ya mashine, angalia tyubu imehama? imeziba kwa kohozi? pafu limetoboka? au kifaa chenyewe ndo kibovu? ukichanganyikiwa mtoe kwenye mashine umpumulishe kwa ambu bagi, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono, huku umeita msaada. Nataka kuyajua kwa mikono hayo, sio kwa daftari. Na logi buku, lile daftari la kazi ulizofanya, jamani, kusainiwa ni kumfukuzia mtu korido nzima mpaka kwenye daladala. Kazi umeifanya asubuhi mbele yake, sahihi unaitafuta wiki ijayo. Hili halihitaji bajeti, linahitaji utaratibu tu. Glavu nazo tulijinunulia, na hatukuambiwa kwenye fomu.

Saksheni, yaani kuvuta makohozi kwa mpira, walifundisha kawaida, ilikuwa sawa. Kuchukua damu ya ateri tuliangalia tu.

Kwa hiyo nenda? Ndio, nenda, hasa kama uko mwaka wa pili na umeshapita anatomia, au ni muuguzi wa kituo cha afya ambaye oksijeni anaifungua peke yake usiku bila wa kumuuliza, wewe ndo utafaidika kuliko sisi wote. Kama shida yako ni ventileta tupu subiri wapunguze kundi. Malipo ni kwa kontroo namba, tunza risiti maana wanaiuliza tena siku ya cheti. Chumba mimi nilipanga Majengo na daladala hazisumbui. Beba saa yenye mshale wa sekunde, simu hairuhusiwi kitandani, na sweta la zamu ya usiku.

Nimesikia Arusha nao wana mafunzo kama haya. Aliyepita kule aandike hapa chini, ICU mlikuwa wangapi kwa kitanda, na ventileta mliishika au na nyie mlisimama ukutani?