Ansible kwa seva saba tu: inalipa, ila kuna siku itakufungia nje

Nina miezi kumi na Ansible, programu ya kuongoza seva nyingi kutoka sehemu moja, kwenye seva saba za Linux, tano Debian na mbili Rocky (aina mbili za Linux). Kabla ya hapo nilikuwa naziendesha kwa mkono, unaingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali) moja moja unafanya kilichokupeleka unatoka. Watu huuliza ukifikisha seva ngapi ndo uanze kuziongoza kutoka sehemu moja, kumi? ishirini? Mi naona idadi sio swali lenyewe, hata mbili zinatosha kukuchanganya kama zilitakiwa zifanane na hazifanani.

Kilichonisukuma ni hiki. Kuna mwenzetu aliacha kazi nikaambiwa nimtoe kwenye mitambo, nikapita seva moja baada ya nyingine nikifuta ufunguo wake wa SSH, ule unaomruhusu kuingia, nikasema tayari. Miezi minne baadaye nimeingia seva ya bakapu kutafuta kitu kingine kabisa, nakuta ufunguo wake umetulia mstari wa tatu, na ni chini ya root, akaunti yenye mamlaka yote! Nilipekua logi, hakuwahi kuingia, lakini usiku ule usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Kusahau kila mtu anasahau, kilichoniuma ni kwamba hakukuwa na sehemu hata moja ambayo ningeangalia nijue nimesahau.

Niliwaza Puppet kwanza, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ni ya siku nyingi, tangu 2005, ina kiprogramu kinachokaa kwenye kila mashine na usipobadilisha kitu kinauliza seva kuu kila dakika 30 kisha kinarekebisha kilichopinda. Kwa mashine mia hiyo ni raha. Kwa saba unaishia kuongeza seva ya nane ya kuzichunga zingine, na hiyo nayo nani ataichunga? Ansible ilitoka 2012, Red Hat wakainunua 2015, na uzuri wake haiweki chochote kinachokaa kule, inataka SSH na Python (lugha ya programu) basi. Laptopu yako inatosha.

Siku ya kwanza niliandika orodha ya mashine, mistari kumi hivi, nikaita ile moduli yao (kipande kinachofanya kazi moja) ya ping, ambayo kwa taarifa yako sio ping ya mtandao, inaingia kabisa kwa SSH na kuangalia kama Python ipo. Sita zikajibu kijani, moja nyekundu. Nikahangaika nayo nusu saa kumbe mi mwenyewe nilihamisha poti ya SSH miaka miwili nyuma, sikuandika popote.

Ila kilichoniuzia hii kitu ni --check pamoja na --diff. Unaandika hali unayotaka, halafu inakuonyesha ingebadilisha nini bila kugusa. Nilielezea mipangilio ya SSH na saa nikaiendesha hivo, yakaanza kutoka mambo: seva ya tatu ina PermitRootLogin yes (root anaruhusiwa kuingia moja kwa moja), nyingine bado inapokea paswedi, mbili ziko kwenye UTC (saa ya kimataifa) na zilizobaki ziko saa ya kwetu. Hapo ndo nikaelewa kwa nini kila tukilinganisha logi matukio yalikuwa hayaoani na tunaanza kulaumu mtandao. Sijabadilisha hata herufi moja, ila nimejifunza kuhusu seva zangu kuliko miaka mitatu iliyopita. Kama una wasiwasi na haya mambo fanya hilo tu kisha uamue.

Sasa machungu. YAML kwanza, muundo unaoandikia maagizo yako, nafasi moja ikizidi imekula kwako, na tab haitaki kabisa. Pili sio ya haraka, inapita kazi kwa kazi kupitia SSH, na kwa kawaida inashika mashine tano kwa mpigo, kwa hiyo kwangu mbili zinasubiri zamu (inabadilishika, niliweka kumi). Tatu, na hii inawakamata wengi, ukifuta kitu kwenye pleibuku (faili la maagizo yako) hakifutiki kwenye seva, lazima useme waziwazi kwamba hakitakiwi kuwepo. Maana yake ule ufunguo wa mwenzetu ungebaki palepale na Ansible ingesema kila kitu shwari!

Kwa funguo za SSH dawa yake inaitwa exclusive, inafuta kila ufunguo ambao hukuutaja. Nikaiweka kwenye mzunguko, yaani kazi irudiwe kwa kila ufunguo, funguo nne za watu wanne, nikaiendesha. Kilichotokea, ufunguo wa kwanza umeingia ukafuta wengine, wa pili umeingia ukafuta wa kwanza, mpaka mwisho kabaki mtu mmoja tu, na sio mimi. Maelezo ya moduli yanasema wazi kwamba haijui habari za mizunguko, funguo zote uzipe kwa pamoja, mi sikusoma. Kilichoniokoa ni kwamba niliibana kwa --limit kwenye seva ya majaribio na nilikuwa na terminali nyingine wazi. Ningeipeleka kote ningekuwa nimejifungia nje ya seva zote saba ndani ya dakika moja, wakati kwa mkono ningeharibu moja nikashtuka. Tangu hapo pleibuku zangu zina serial: 1, inamaliza mashine moja ndo inakwenda nyingine, taratibu lakini nalala.

Na laptopu yangu sasa ndo mlango wa kila kitu, kwa hiyo ufunguo una paswedi, siri zimefungwa na ansible-vault, pleibuku ziko Git (inatunza historia ya mabadiliko) na mwenzangu anazisoma kabla hazijaenda.

Kuna kitu nilikataa kukiweka sehemu moja, nacho ni kuingia kwa watumiaji. Nilijaribu FreeIPA, ya kutunza akaunti za watu wote sehemu moja, wiki mbili, ni programu nzito ya maana, lakini inakuja na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha nani ni nani), vyeti, DNS (majina ya mashine) iliyonyooka, saa zisiachane, yote hayo kwa watu wanne! Na ikilala, anayeingia ni yule ambaye mashine bado inamkumbuka. Tukiwa arobaini nitarudi. Apdeti za usalama nazo kila seva inajifanyia, unattended-upgrades kwa Debian na dnf-automatic kwa Rocky, Ansible inahakikisha tu zimewashwa.

Nyota nne kati ya tano. Kama una seva mbili na kila moja ina kazi yake isiyohusiana na mwenzake, weka etckeeper (inatunza historia ya mipangilio ya seva) uendelee na maisha.

Mwezi uliopita diski ya moja ilikufa. Nikaweka Debian mpya nikaendesha pleibuku, dakika kumi na moja imerudi ilivyokuwa, data ndo ilichukua masaa matatu kushuka kutoka bakapu. Wiki iliyofuata mhasibu anauliza mbona ripoti ya Jumatatu haijafika, kumbe ilikuwa kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) niliyoiandika kwa mkono zamani nikainyamazia. Saa hizi imo kwenye pleibuku, na nimeanza kupita crontab za zile sita zingine, mpaka sasa nimeokota tatu.