Kamshafti Pole kwa Chevrolet 350: Ipi Ununue Ukiwa Unaendesha Dar

Camaro langu ni la 1972, V8 ya inchi 350, yaani lita 5.7, gia boksi otomatiki. Nililinunua likiwa limeshafungwa kamshafti ya fujo (kamshafti ni ile shafti yenye nundu inayofungua vali za injini), na sitakudanganya, miezi ya mwanzo nilivimba kichwa. Likisimama linatetema dugu-dugu-dugu mpaka vijana wa bodaboda wanazima pikipiki zao wasikilize. Kisha nikaanza kulitumia kama gari. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, A/C inawaka, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inashuka hadi injini inazima. Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia kwenye mafuta, ndivyo nilivyoishi. Siku kanyagio la breki lilipogeuka tofali nikishuka daraja la Ubungo nyuma ya lori la saruji, nikaamua: kamshafti hii inatoka.

Kabla hujaagiza chochote Marekani, hakikisha mkosaji ni kamshafti kweli. Nunua geji ya vakyumu, ya kupima mvuto wa hewa wa injini, uiunganishe kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, usome injini ikiwa imeshapata moto. 350 nzima yenye kamshafti ya kiwandani husoma inchi 17 hadi 20 za zebaki ikiwa sailensa. Busta ya breki, ile inayotumia mvuto huo kulainisha kanyagio, inataka walau 15 au 16 ili ikusaidie vizuri. Yangu ilikuwa inasoma 10, na mshale unacheza. Ila gasketi ya manifoldi inayovuja nayo hushusha mshale, na taimingi ya cheche iliyochelewa vilevile. Vitu hivyo vinarekebishwa mchana mmoja bila kufungua mbele ya injini, kwa hiyo anza navyo. Sisi wa Dar tuna bahati ya kukaa usawa wa bahari. Kila ukipanda kama mita 300 geji inapoteza inchi moja hivi, kwa hiyo mwenzako wa Arusha, mita 1,400 juu, anaanza akiwa amepungukiwa inchi nne na ushee. Akifunga kamshafti yako hiyo hiyo, breki zake zitakuwa tofali kabla ya zako.

Kwa nini kamshafti kubwa inaua sailensa? Inaiacha vali ya kuingiza wazi muda mrefu, na inachelewa kuifunga. Resi ikiwa juu, hewa inaingia kwa kasi na inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikianza kupanda. Resi ikiwa chini hakuna kasi hiyo, basi pistoni inausukuma mchanganyiko urudi ulikotoka. Juu ya hapo, vali ya kuingiza na ya kutolea zinakuwa wazi pamoja kwa muda, na moshi unachafua hewa mpya. Injini yenye mgandamizo mkubwa inavumilia kiasi fulani. Lakini kuanzia 1971 General Motors walishusha mgandamizo wa injini zao, na 350 kama yangu ina 8.5 kwa 1 tu. Ukiipunguzia na kile kidogo ilicho nacho, inabaki kelele.

Kwenye karatasi ya kamshafti angalia namba mbili. Ya kwanza ni muda ambao vali inakaa wazi, kwa digrii za krankshafti, uliopimwa tepeti (kile kipande kinachokaa juu ya nundu na kusukumwa nayo) ikiwa imeinuka inchi 0.050. Usidanganyike na ile namba kubwa ya matangazo, 260 au 280, maana kila kiwanda kinaipima kwa namna yake. Ya pili ni pembe kati ya nundu ya kuingiza na ya kutolea: 112 au 114 inatulia, 110 inachangamka, 107 inatikisa. Kwa 350 ya mgandamizo mdogo, otomatiki yenye toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi) ya kiwandani, busta na A/C, mimi sivuki 212 upande wa kuingiza.

Nafasi ya kwanza naipa Edelbrock Performer-Plus, namba 2102. Muda wake ni 204 kuingiza na 214 kutolea, inainua vali inchi 0.420 na 0.442, pembe 112. Ndiyo niliyofunga. Sailensa imetulia, geji imepanda, na gari linavuta kuanzia chini kabisa, pale ambapo ndipo tunapoishi: taa za Morocco, tuta, mita mia mbili, tuta jingine. Juu ya resi 5,000 inaanza kuchoka. Niambie ni barabara gani hapa mjini utakapofika huko mara mbili kwa wiki bila askari wa usalama barabarani kukupungia mkono. Uzuri mwingine ni kwamba kiasi hicho cha kuinua vali, springi za vali za kiwandani zinakiweza, kama bado zina uhai. Summit, duka la vipuri la Marekani, wanauza inayokaribiana nayo sana, namba 1102, ukiikuta hiyo chukua bila kusita.

Ya pili ni Comp Cams XE256H: 212 na 218, inainua 0.447 na 0.454, pembe 110. Hii ina utamu kuliko ya kwanza, na kama ningekuwa na gia boksi ya mkono ningetamani niirudie hesabu yangu. Nundu zake zinafungua vali kwa haraka, kwa hiyo unapata nguvu ya kati bila kurefusha muda sana. Gharama ya haraka hiyo ni springi mpya, hilo usibishane nalo, na mlio mdogo wa tiki-tiki kwenye rocka (mikono inayobonyeza vali) ambao fundi mgeni atakwambia ni tepeti mbovu. Sailensa ina mtikisiko kidogo, unaosikika ukitegea sikio. Wengi watasema ndiyo saizi yao.

Dada yake, XE262H, 218 na 224, naiweka ya tatu. Ni kamshafti nzuri kwenye injini isiyo yangu. Mgandamizo uwe 9 na kuendelea, ekzosi iwe imefunguliwa, kabureta iwe ya mikondo minne. Usipokuwa na vitu hivyo utarudi Mwenge ulikotoka.

Ya nne ni kwa wapenda historia: nakala ya kamshafti ya L79, ile ya V8 ya inchi 327 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 350 mwaka 1965. Muda 222 pande zote, pembe 114. Pembe hiyo pana inaifanya iwe na adabu kuliko namba zake, lakini 327 ile ilikuwa na mgandamizo wa 11 kwa 1. Kwenye 8.5 inakuwa nzito kuondoka. Mtu akifungua boneti utakuwa na hadithi ya kumpa, basi.

Ya tano, kamshafti ya kiwandani yenyewe, GM 3896929: 195 na 202. Inatulia kama friji. Kama gari ni la harusi, chukua hiyo.

Zile zilizochongwa makusudi zitikise, mfano Thumpr yenye pembe 107, sikuzipa nafasi. Ndiyo ugonjwa tunaoutibu.

Usitarajie kuipata Kariakoo. Pale Gerezani utapata kila kitu cha Toyota, ila cha 350 utaagiza. Dalali anaweza kukuletea kamshafti ya Chevrolet ya miaka ya tisini, iliyotoka kwenye pikapu. Kuanzia 1987 kwenye magari madogo, na 1996 kwenye pikapu, injini nyingi za aina hii zilitumia tepeti zenye roli, na kamshafti yake haiingii kwenye bloku ya zamani hivi hivi. Wala usinunue mtumba ya tepeti bapa, zile zisizo na roli kama zetu. Nundu zake zina mteremko mdogo usioonekana kwa macho, na tako la tepeti limevimba kidogo katikati, ndivyo tepeti inavyozunguka ikifanya kazi. Tepeti na nundu zinaozana. Ukichanganya za nundu nyingine zinatafunana. Kwa hiyo kwenye oda yako ziwemo tepeti 16 mpya, cheni ya taimingi, springi, gasketi za manifoldi na za mbele, na mafuta mazito ya kupaka nundu.

Fundi wangu ni wa boti, wa huko Msasani. MerCruiser za lita 5.7 ni bloku hii hii ya Chevrolet, na yeye ameshazifungua nyingi kuliko gereji zote nilizozunguka.

Oili ndiyo inayoponza watu. Oili za kisasa za petroli zimepunguzwa zinki na fosforasi, na tepeti bapa inazihitaji. Tafuta oili ya kulainishia injini mpya au kiongezi cha zinki. Sukuma oili kwa drili kupitia tundu la distributa kabla ya kuwasha. Kabureta iwe na mafuta, taimingi iwe karibu, maana injini ikishawaka hairuhusiwi kukaa sailensa: peleka resi 2,000 hadi 2,500, ukizipandisha na kuzishusha, kwa dakika 20 au 30. Kwa joto letu weka feni kubwa mbele ya rejeta, na uwaage majirani. Ukimaliza mwaga oili hiyo, kata filta kwa kifaa cha kukatia filta, ukunjue karatasi yake juani. Vumbi laini la kijivu ni kawaida. Ukiona vipande vinavyometa na sumaku inavivuta, usiwashe tena, fungua kava za vali uangalie ni rocka ipi haiinuki kama wenzake.