Gemu za anga za vijiti viwili: je, utakiona chombo chako?

Wasomaji wananiletea lalamiko lilelile. Wamenunua gemu ya anga ya vijiti viwili, trela ilikuwa moto, lakini wakicheza wanakufa bila kujua kilichowaua. Wengi hujilaumu kwamba mikono ni mizito. Mikono haina kosa. Katikati ya milipuko ile macho yamekipoteza chombo chao wenyewe.

Kasoro hiyo ndiyo ninayoipima kabla ya yote, na wauzaji hawaigusi. Idadi ya hatua, muziki na ubora wa picha utavisoma dukani. Kijiti cha kushoto kinaendesha, cha kulia kinalenga na kufyatua. Hilo lilishakaa sawa tangu Robotron: 2084 ya mwaka 1982, kazi ya Eugene Jarvis na Larry DeMar. Wao walitumia kioo cheusi, hivyo kila kitu kilionekana. Siku hizi adui akifa anamwaga cheche kila upande, zawadi zinang'aa, na mara nyingine risasi zako zina rangi moja na kile kinachokuua.

1. Super Stardust Ultra (PS4, 2015). Sifichi upendeleo wangu kwa Housemarque, studio ya Helsinki iliyotengeneza Super Stardust HD, gemu ambayo hii imetokana nayo. Hapa unapigana juu ya uso wa sayari, na kamera inakufuata, kwa hiyo chombo hakitangitangi hadi pembeni mwa skrini. Jicho likipotea linajua pa kurudi. Silaha ni tatu, moja kwa mwamba, moja kwa barafu, moja kwa dhahabu, na kila kundi la vimondo linakulazimisha ubadilishe. Ukizingirwa, kuna mwendo wa ghafla unaokupenyeza katikati yao bila kuumia. Hiyo ndiyo gemu inayomheshimu mchezaji.

2. Geometry Wars 3: Dimensions (2014). Maadui wake unawajua kwa umbo: miraba ya kijani inakwepa risasi, mingine inapasuka na kuzaa midogo. Tatizo ni chombo chenyewe, kimstari chembamba kinachomezwa na fataki. Uwanja ukijikunja kwenye mchemraba au tufe, mambo huwa magumu zaidi. Anzia kwenye namna za uchezaji za zamani zilizomo humo, zenye uwanja bapa.

3. Assault Android Cactus (2015). Unamwendesha androidi, yaani roboti mwenye umbo la mtu, ndani ya chombo cha anga. Kinachokumaliza ni betri kwisha, si kuanguka, kwa hiyo kupotea kidogo hakukugharimu mchezo mzima. Mkiwa wanne, kila mtu atauliza yuko wapi.

Za bure za simu? Vidole gumba vinafunika skrini. Kama huunganishi pedi ya kuchezea yenye vijiti, achana nazo.

Sasa wauzaji. Trela inakatwa vipande vya sekunde mbili mbili, hivyo huwezi kukifuata chombo kwa macho hata ukitaka. Punguzo linabandikwa kwenye takataka, na gemu nzuri inapita bila kuonekana. Nex Machina ya 2017, Housemarque wakishirikiana na Jarvis mwenyewe, haikuuza vya kutosha, na mwaka uleule studio ikatangaza kuachana na gemu za aina hii. Inaniuma mpaka leo.

Na kurudishiwa fedha je? Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanakupa siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili, kwa hiyo kimbilia hatua zenye vurugu mapema ndani ya muda huo. PlayStation Store, ukishaanza kupakua, hurudishiwi isipokuwa gemu iwe mbovu, na chombo kisichoonekana hakihesabiki kuwa ubovu. Kwa hiyo kabla ya kulipa tafuta video ya mchezaji wa kawaida, isiyokatwa, uisimamishe pale skrini ilipojaa. Usipoweza kukigusa chombo kwa kidole papo hapo, usinunue.