Vijana wa kusafisha magata Wete: kazi wanaijua, lakini wasimamie

Wenye nyumba za zamani huku Wete, hasa sie wa kwenye mteremko wa kushukia bandarini ambako kila uwanja una muembe na mshelisheli wa jirani umelalia bati lako wewe, hii inawahusu. Kuna vijana siku hizi wanapita wanasafisha magata, ile mifereji ya ukingoni mwa paa ya kupokea maji ya mvua, wana ngazi zao, kamba zao na mpira wa maji, niliwaita kabla ya masika na kwa sehemu kubwa nimeridhika, ila kuna mambo mtu ayajue kabla hajawapandisha juu.

Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, na chokaa haipendi maji ya kuchirizika. Gata likijaa majani maji yanarudi nyuma, yanapita kwenye ubao wa ukingoni yanaingia ukutani, mwanzo unaona baka tu, halafu ukuta unatoa chumvi, halafu lipu inaanguka mapande mapande. Watu wanakimbilia kupiga rangi ndani, tena ile ya mafuta, ndo kwanza unaufungia unyevu usitoke. Chumba chetu cha nyuma kimepigwa rangi na kupigwa tena na maradhi yenyewe yako juu kwenye gata.

Sasa yaliyomo humo. Jamani mie nilidhani ni majani tu. Ndoo ya mwanzo imeshuka na majani ya muembe yaliyooza yakawa tope jeusi, koko za embe, na vidonge vikavu vya nyuzinyuzi kama tumbaku iliyotafunwa, nikamuuliza yule kijana hivi ni nini akacheka, "Popo hao dada, wanatafuna, wanafyonza maji, makapi wanatema." Ndo hawa popo wetu wa Pemba, wale wakubwa ambao wageni wanalipa kwenda kuwatazama Kidike, kumbe usiku wanakuja kula mashelisheli juu ya paa langu bila ya kiingilio. Na katikati ya tope umeota mzambarau, una majani yake kabisa, mizizi imeshapenya kwenye maungio. Gata la bati ndo linavyokufa hivyo, tope linashika maji mvua na jua, kutu inakula kwa ndani na nje unaona bado rangi nzuri.

Mama alikuwa barazani akawapigia kelele, "Wanangu, uchafu huo msinimwagie kwenye maua yangu!" Alipoona ulivyo mweusi akageuka palepale, "Hebu leteni huku kwenye mkilua." Ndoo zote zikaishia kwenye mkilua.

Walichonifurahisha hasa ni kutia maji. Mtu tuliyekuwa tukimwita zamani, simtaji, yeye alikuwa akisukuma majani kwa fagio la njukuti mpaka kwenye tundu la bomba la kushukia, juu kunang'ara, chini kwenye kiwiko kumeziba tii, pesa kashachukua na kaondoka. Hawa wanaanza kwa kuliziba lile tundu kwa kitambaa, wanakomba kwa kipande cha dumu walichokikata kikalingana na uviringo wa gata, wakimaliza wanatoa kitambaa, mpira wanaupeleka kule mwisho mbali na bomba, mmoja anakaa chini anatazama maji yanatoka vipi. Kwetu yalitoka kamkojo. Wakafungua kiwiko, mna tope limekauka gumu na kiatu cha mtoto wa bandia ambacho sijui hata kilipandaje huko. Wakatia maji tena mpaka yakashuka kwa kishindo ndo wakasema haya, upande huu basi. Fundi yoyote akikwambia amemaliza na hajatia maji usimlipe.

Halafu kwenye kutia maji ndo linajulikana gata lililolala vibaya. Letu la upande wa nyuma maji yalisimama katikati, vishikizo vimelegea. Gata linataka literemke kidogo kuelekea bombani, sentimita 1 hivi kwa kila mita 3 inatosha, likizidi sana linaonekana kombo na likikosa ndo unafuga mbu, mana yai la mbu linakuwa mbu mzima kwa kiasi ya wiki moja na kitu, na huko juu nani anamuona. Walilinyanyua, malipo yake mbali.

Haya, malalamiko. Nyumba za mteremkoni mnazijua, mbele unaingia usawa wa njia na nyuma ukuta unakwenda chini karibu mara mbili. Kwenye ngazi nawasifu, walichimba kwa jembe mguu mmoja ukae sawa na juu wakafunga kamba. Mmoja wao msimu ukifika anachuma karafuu, urefu kwake si kitu, lakini na tabu imeanzia hapohapo, kazoea matawi, na bati la zamani si tawi. Bati unakanyaga kwenye mstari wa misumari ambako chini kuna mbao, yeye akapita katikati, likabonyea na msumari mmoja ukalegea, mvua ya kwanza tone sebuleni. Kupiga simu naambiwa "tunakuja dada inshallah", na ile inshallah ilichukua muda wake. Walikuja, wameziba bure, kinyongo sina, lakini kukagua bati kabla ya kushuka ilikuwa wajibu wao si wangu.

Na waya wa umeme. Ngazi yao ndefu ni ya alumini na walitaka kuisimamisha pale waya unapotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani. Ukizima meni swichi ule waya wa nje bado una moto, wengi hawalijui hili, kwa hiyo upande ule niliwaambia watumie ngazi ya mbao, na hawakubisha. Wewe usipokuwepo nani atawaambia?

Bei wanaikata kwa kuitazama nyumba, sie tulianzia 80,000 tukamalizana 60,000 na gata la nyuma 10,000 juu yake. Mvua ikishaanza usitegemee bei hiyo, kila mtu anawatafuta. Kwenye miti kama yetu ni mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, mwenye nyumba peupe mara moja inamtosha.

Watakutaka pia wakuwekee wavu juu ya gata zima. Mie nimekataa. Jani la mkungu ni pana, likirowa linalala juu ya wavu na maji yanaruka nje, bado utaita mtu aje akutolee, tena sasa afungue wavu kwanza. Kidude cha waya tu mdomoni mwa bomba kinatosha.

Wenye tangi la mvua nawaongezea moja. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 2,000 hizo, tangi zima, huwezi kuziachia zimwagike. Ila maji ya mwanzo yaache yende chini, popo hao hawatemi makapi peke yake. Kwetu walituwekea kipande cha bomba cha kugeuza, unayatoa ya mwanzo nje halafu unarudisha kwenye tangi, kazi nzuri, lakini siku waliyoondoka walikiacha kimeelekea nje na mvua ya usiku yote ikenda bondeni. Kikague kabla hawajafunga ngazi.

Mapaa ya makuti hawafanyi, nimewauliza.