Kuomba kibali cha bima kwa upasuaji wa kupunguza tumbo: uzoefu wangu Minnesota

Tathmini hii inahusu huduma moja tu, nayo ni bima ya afya ninayoipata kupitia kwa mwajiri wangu hapa Minnesota, Marekani, na namna ilivyolishughulikia ombi langu la kulipiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu masharti niliyokutana nayo yanafanana sana na ya kampuni nyingine nyingi, na anayedhani kwamba akihama bima atayakwepa huenda akayakuta yanamsubiri huko aendako. Upasuaji ulikwenda salama na sina mengi ya kuusemea. Kilichoninyima usingizi ni karatasi.

Niweke wazi kwanza ni upasuaji gani, maana ndugu zangu wa Dar es Salaam, ambao wamesikia habari za puto linalowekwa tumboni katika Hospitali ya Mloganzila, walidhani nazungumzia hilo. Puto huingizwa kwa njia ya mdomo na baadaye hutolewa. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa kupitishia vifaa kwenye matundu madogo, ambapo takriban robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula hukatwa na kuondolewa kabisa, na kinachobaki huwa kama mrija mwembamba. Hakuna kurudi nyuma baada ya hapo. Kwa anayelipa mwenyewe, hapa Marekani gharama yake mara nyingi huwa kati ya dola 15,000 na 25,000, fedha ambazo mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee kama mimi hana, na ndiyo maana kibali cha bima kilikuwa ndicho kila kitu.

Wakati naanza nilikuwa na kilo 104 kwa kimo cha mita 1.65, yaani kipimo cha BMI, kinacholinganisha uzito na kimo, cha 38 na pointi kidogo, pamoja na kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu. Kijitabu cha mafao kilisema kwamba anayestahili ni mwenye BMI ya 40 au zaidi, au mwenye 35 na kuendelea ikiwa ana ugonjwa mzito unaohusiana na unene. Vipimo hivyo vinatokana na mapendekezo ya jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1991. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa fani hii, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilitoa mwongozo mpya unaopendekeza upasuaji kwa mwenye BMI ya 35 na kuendelea hata kama hana ugonjwa mwingine wowote, na unaoupendekeza hata kwa mwenye 30 na kuendelea aliye na kisukari cha aina ya pili. Bima yangu ilikuwa bado imekaa mwaka 1991. Kwa hiyo kisukari changu, ambacho kwa daktari kilikuwa sababu ya kuharakisha, kwa bima kilikuwa kitu cha kuthibitishwa kwa nyaraka: majibu ya maabara, orodha ya dawa, na maandishi ya daktari wangu wa kawaida yenye tarehe.

Kabla ya hayo yote kuna swali ambalo watu wengi huliruka, nalo ni kama mpango wako wa bima unagharamia upasuaji huu hata kidogo. Kadi yangu ina nembo ya kampuni kubwa ya bima, lakini fedha zinazolipia matibabu ni za mwajiri wangu, na kampuni ile imeajiriwa tu kusimamia madai. Mipango ya namna hii iko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayojulikana kwa kifupi kama ERISA, na kwa kawaida sheria za jimbo zinazolazimisha bima kugharamia huduma fulani haziifungi. Mwajiri anaweza kuamua kwamba upasuaji wa kupunguza unene haumo, na akishaamua hivyo, barua ya daktari iwe nzuri namna gani haitabadili kitu, kwa kuwa rufaa inaweza kupinga tafsiri ya mkataba lakini haiwezi kuongeza kilichoachwa nje yake. Kwa bahati mpango wangu ulikuwa nao. Niliiomba idara ya rasilimali watu hati kamili ya mpango, si ule muhtasari wenye picha za familia zinazotabasamu, na sehemu iliyonihusu ilikuwa ndani kabisa, baada ya kurasa za meno na macho.

Masharti yenyewe yalikuwa haya kwa ufupi: miezi sita mfululizo ya programu ya kupunguza uzito chini ya usimamizi wa daktari, tathmini ya mwanasaikolojia, vikao na mtaalamu wa lishe, kipimo cha kuthibitisha kwamba situmii nikotini, historia ya uzito wa miaka iliyopita, na barua ya daktari mpasuaji ya kueleza kwa nini tiba hii ni ya lazima. Daktari aliongeza kipimo cha usingizi, ambacho kiligundua kwamba pumzi yangu hukatika mara nyingi usiku. Habari mbaya kwangu, ila kwa faili ilikuwa msaada, kwani ugonjwa huo nao umo katika orodha ya bima.

Hiyo miezi sita ndiyo ninayoilalamikia zaidi. Chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji huu kimesema waziwazi tangu zamani, na kurudia mwaka 2016, kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi wa kumlazimisha mgonjwa kupita katika programu ya kupunguza uzito kabla ya bima kumkubalia. Mimi nilikuwa nimekwisha kujaribu kwa miaka: kuacha wali usiku, kutembea kuzunguka ziwa kila kiangazi, na vidonge ambavyo daktari aliniandikia na baadaye kuviondoa. Sasa nilitakiwa kushindwa upya, mbele ya shahidi. Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza mpaka nilipouliza: ukipungua sana katika miezi hiyo hadi ukashuka chini ya 35, je, bado unastahili? Mipango mingine huhesabu uzito wa siku ya kwanza ya programu, mingine uzito wa siku ombi linapopelekwa. Wangu ulihesabu wa siku ya kwanza, lakini kulipata jibu hilo kwa maandishi kulinichukua wiki za kusukumana nao.

Mtaalamu wa lishe alikuwa mtu mwema na msikivu. Orodha yake ya vyakula haikuwa na ugali, kisamvu wala maandazi, kwa hiyo kikao cha kwanza kiligeuka kuwa somo ambalo mimi ndiye niliyelitoa, na alitaka hata kujua bakuli la ugali wa dona lina uzito gani. Mwanasaikolojia naye aliniitia mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu, bila malipo, na ningemshauri yeyote akubali huduma hiyo hata kama Kiingereza chake ni kizuri, kwa kuwa maswali kuhusu kula kwa sababu ya huzuni, kuhusu pombe na kuhusu nani atakuuguza nyumbani yanahitaji majibu yaliyonyooka, na majibu hayo huandikwa.

Kuhusu huduma ya simu ya bima, waliopokea walikuwa na adabu, na kila mmoja alinipa jibu lake. Mmoja alisema miezi mitatu inatosha, mwingine akasema sita, wa tatu akasema programu haihitajiki kabisa. Aliyeniokoa katika mkanganyiko huo ni mratibu wa bima wa kliniki ya upasuaji, mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake ni kufuatilia vibali tu. Alinikataza kutegemea simu. Aliniambia niulize kwa ujumbe katika akaunti yangu ya mtandaoni ili jibu libaki limeandikwa, na nikilazimika kupiga simu, nichukue jina la aliyeongea nami na namba ya kumbukumbu ya mazungumzo. Pia alinipa namba ya msimbo wa upasuaji wangu, 43775, niitaje kila ninapouliza. Ukiuliza juu ya upasuaji wa kupunguza unene kwa jumla, mhudumu hutafuta maneno; ukimpa msimbo, hutazama mahali panapohusika.

Ombi lilipelekwa na likakataliwa. Barua ilisema kwamba kumbukumbu hazikuonyesha miezi sita mfululizo ya programu. Nilikuwa nimehudhuria yote. Kilichotokea ni kwamba theluji kubwa ilifunga kliniki ya daktari wangu wa kawaida mwishoni mwa mwezi mmoja, miadi yangu ikasogezwa hadi mwanzoni mwa mwezi uliofuata, na kwa hesabu ya bima mwezi mmoja ukawa mtupu na mwingine ukawa na miadi miwili. Zaidi ya hayo, katika moja ya ziara nyingine muuguzi aliandika uzito na shinikizo la damu tu, bila kutaja kwamba tulizungumza kuhusu chakula na mazoezi. Hapana mahali popote katika barua hiyo walipokanusha kwamba mimi ni mgonjwa au kwamba upasuaji ungenisaidia.

Daktari mpasuaji aliomba kuzungumza kwa simu na daktari wa bima, hatua ambayo huruhusiwa mara nyingi kabla ya rufaa. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Daktari wa bima hakuwa wa fani ya upasuaji, alikubali kwamba hoja za kitabibu zina uzito, akasema mikono yake imefungwa na sharti la miezi mfululizo. Nilipoambiwa hivyo nilikasirika, lakini mratibu alifurahi: wakishakubali upande wa tiba, kilichobaki ni kalenda.

Sheria inampa mtu wa mpango kama wangu siku 180 tangu kupokea barua ya kukataliwa ili kukata rufaa ya ndani, na kwa huduma ambayo bado haijatolewa, uamuzi lazima utoke ndani ya siku 30. Mpango wenye ngazi mbili za rufaa hupewa siku 15 kwa kila ngazi. Anayeamua rufaa hatakiwi kuwa yule yule aliyekataa mwanzo wala mtu aliye chini yake. Na jambo lenye manufaa kuliko yote: una haki ya kupewa bure nakala za nyaraka zote walizotumia kukukatalia, pamoja na mwongozo wa kitabibu walioufuata. Niliziomba. Katika mwongozo wao wenyewe mlikuwa na sentensi iliyoruhusu kusogezwa kwa miadi ikiwa sababu imeelezwa na daktari. Barua ya kukataa haikuitaja.

Rufaa yetu ilijengwa juu ya sentensi hiyo. Kliniki ilithibitisha kwa maandishi kwamba ilifungwa kwa hali ya hewa siku ile. Daktari wangu wa kawaida aliongeza maelezo kwenye ziara iliyokuwa na upungufu, akaweka tarehe ya siku aliyoyaongeza, kwa sababu kubadili kumbukumbu za zamani kimyakimya ni kosa na kungeliharibu faili zima. Niliambatisha shajara yangu ya chakula, ugali na kila kitu. Barua yangu mwenyewe ilikuwa ukurasa mmoja, na ndani yake sikuandika habari za maumivu ya magoti wala aibu ya kiti cha ndege, ingawa yote yalikuwepo. Niliandika sharti, ukurasa lilipo, na ushahidi unaolitimiza. Kama wangekataa tena ningekuwa na miezi minne ya kuomba mapitio ya nje, ambayo hufanywa na shirika huru na uamuzi wake huifunga bima, alimradi ubishi unahusu uamuzi wa kitabibu. Haikufika huko. Kibali kilikuja.

Kibali nacho kina tarehe ya mwisho, na mwaka wa bima yangu huanza upya Januari 1. Hili liliniumiza kichwa, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulipa sehemu kubwa ya kiasi ambacho mgonjwa hulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia, na upasuaji ukivuka mwaka ningeanza tena kutoka sifuri. Kliniki ilinipatia nafasi Desemba. Niliuliza pia kama mtaalamu wa usingizi wa ganzi yumo katika mtandao wa bima, yaani kundi la watoa huduma wenye mkataba nayo. Tangu Januari 2022 sheria inakulinda dhidi ya bili za kushtukiza za watu kama hao wanapokuhudumia katika hospitali iliyomo kwenye mtandao, lakini kuuliza mapema ni rahisi kuliko kubishana baadaye.

Nikitakiwa kutoa nyota, bima ninaipa mbili: moja kwa kuwa hatimaye ililipa ilichoahidi bila kurudi nyuma, na nyingine kwa kujibu rufaa ndani ya muda. Barua iliyoficha sentensi ya mwongozo wake yenyewe haiwezi kupata zaidi. Mratibu wa kliniki ninampa tano, na ningeshauri anayechagua daktari mpasuaji aulize kwanza kama kliniki ina mtu wa aina hiyo, kabla hata ya kuuliza kuhusu mkono wa daktari.

Kwa sasa bima inalipia miadi ya ufuatiliaji na vipimo vya damu vya kuangalia madini ya chuma na vitamini B12. Vidonge vya vitamini, ambavyo nitavimeza maisha yangu yote, nanunua mwenyewe. Kuondoa ngozi iliyolegea ni ombi jingine lenye masharti yake, na katika hati ya mpango wangu limo kwenye orodha ya visivyolipiwa, kwa hiyo sikulipeleka.