Miezi 20 ya kuweka vitabu vya SACCO yetu kwenye wingu: uzoefu wangu kutoka Busia

Mimi si fundi wa kompyuta. Ni mhasibu wa SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wafanyabiashara wa mpakani hapa Busia, upande wa Uganda. Wanachama wetu ni wauza mukene (dagaa), wenye vibanda vya mitumba na waendesha boda boda, jina ambalo lenyewe lilizaliwa huku mpakani enzi za baiskeli.

Mpaka mwanzoni mwa 2024 vitabu vyetu vyote vilikuwa ndani ya kompyuta moja ya mezani. Bakapu, yaani nakala ya kujikinga, ilikuwa fleshi niliyotembea nayo kwenye mkoba, pamoja na funguo na peremende za watoto. Siku moja stima ilikatika, ikarudi kwa kishindo na kuunguza ile kompyuta. Nilipochomeka fleshi nikakuta hesabu zimeishia wiki sita nyuma. Tulitumia siku tisa kujaza miamala upya kutoka kwenye vitabu vya risiti. Kamati, ambayo mwaka mzima ilikuwa ikiniambia "tutaona", ikakubali kusikiliza habari za wingu, yaani kuweka kazi zetu kwenye kompyuta za watu wengine tunazozifikia kwa intaneti.

Tulinunua vitu viwili, na laiti mtu angenieleza tofauti yake kabla hatujasaini. Cha kwanza ni barua pepe na hifadhi ya mafaili ya ofisi. Hii ni programu iliyo tayari, unalipa kwa kichwa kila mwezi. Tulipoanza tulikuwa watumiaji saba kwa dola 6 kila mmoja, yaani dola 42, kama shilingi 155,000 kwa bei ya dola ya wakati ule, kabla ya VAT ya asilimia 18. Cha pili ni mfumo wenyewe wa akiba na mikopo, kutoka kampuni moja ya Kampala ambayo sitaitaja. Kampuni hiyo haina seva, yaani kompyuta ya kuendeshea mfumo, hata moja. Inakodi mashine kwenye kituo cha data cha kampuni kubwa huko Afrika Kusini, inaweka programu yake juu, halafu inatukodisha sisi. Kwa maneno mengine sisi ni wapangaji wa mpangaji. Si vibaya, wengi wanafanya hivyo, ila bomba likipasuka lazima ujue unampigia nani.

Malipo nayo yana tabia mbili. Ile ya kulipa kwa kichwa ni kodi ya chumba: ulale usilale, unalipa. Mashine za kukodi zinakwenda kwa mita, lakini usifikiri ni Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Yaka ikiisha, taa zinazima na unajua. Huku mita inaendelea kuzunguka kimya kimya na bili inakuja mwisho wa mwezi, kwa dola. Mwezi wa tano tangu tuanze, watu wa Kampala walituletea nyongeza kwa sababu fundi wao alisahau kuzima mashine ya majaribio. Tuliwaonyesha mkataba unaosema bei moja isiyobadilika, wakanyamaza.

Kazi yenyewe imekuwa nyepesi, sina budi kusema. Mama mweka hazina anaidhinisha mkopo akiwa dukani kwake kwa simu. Mkaguzi alipokuja sikumbebea maboksi, nilimfungulia akaunti ya kusoma tu, bila uwezo wa kubadilisha chochote, na alipomaliza nikaifunga. Kompyuta ya pili ilipoharibika mwaka jana, keshia alihamia kwenye laptopu nyingine na foleni haikusimama hata nusu saa. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota nne.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ndiyo iliyonifundisha mipaka yake. Kebo mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Uganda haina bahari, yetu inapita kwa majirani. Jumatatu asubuhi ukurasa mmoja wa mfumo ulichukua dakika nne kufunguka, na mbele yangu kuna mama ameshika watoto wawili anataka kutoa ada ya shule. Mzee mwenyekiti alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, na ile ya Januari 2021 umeisahau?" Sikuwa nimeisahau. Wakati wa uchaguzi ule intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na laini mbili za mitandao tofauti, ambazo tunazo, zisingetusaidia kitu. Tangu siku hiyo kila jioni tunachapa orodha ya salio za wanachama wote, na ikibidi tunalipa kwa karatasi mpaka mtandao urudi.

Kosa letu kubwa zaidi halikuhusu bahari. Kijana wa kaunta aliona laptopu imejaa, akafuta folda ya mikopo ya 2023 akidhani anafuta nakala ya kwenye mashine yake tu. Folda ikapotea kwenye mashine zote saba, kwa sababu mafaili yale yanafuatana: ukifuta hapa, yanafutika kila mahali. Tuliikuta kwenye pipa la taka la huduma ile, zikiwa zimebaki siku nne kabla halijajisafisha lenyewe. Kumbe hifadhi ya wingu na bakapu ni vitu viwili. Sasa kila mwisho wa mwezi nashusha kila kitu kwenye diski ya nje inayolala kwenye kabati la chuma.

Na sasa funguo. Wakati wa kuanza, kampuni ilituambia tusijisumbue, wao watafungua kila kitu. Wakafungua kweli, jina la tovuti na akaunti ya msimamizi mkuu, vyote kwa jina la fundi wao, na namba za uthibitisho zikawa zinakwenda kwenye simu yake. Yule fundi akaacha kazi. Mama mweka hazina alipopoteza neno lake la siri, kwa wiki tatu hakuna mtu duniani aliyeweza kumfungulia, maana simu ya fundi ilikuwa haipatikani. Fedha za watu 640 ziko salama kabisa, na wenyewe tumefungiwa nje. Mkiona mahali mnaambiwa "msijisumbue", jisumbueni. Msimamizi mkuu awe wenu, wawe wawili, na namba za dharura za kufungulia akaunti zichapwe na kufungiwa kabatini.

Shirika la viwango la Marekani, NIST, lilieleza mwaka 2011 wingu linatambulikaje: ujihudumie mwenyewe, ufikie kwa mtandao, mashine zitumiwe na wateja wengi pamoja, uongeze na kupunguza haraka, na matumizi yapimwe. Nilipoyasoma nilicheka. Kwa ile kampuni, kuongeza mtumiaji mmoja kunataka kupiga simu na kungoja siku mbili. Wanauza wingu, lakini mlangoni bado kuna askari mwenye daftari.

Jambo la sheria tulilipita haraka, na hatukupaswa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haikatazi kuweka taarifa za watu nje ya Uganda, ila inataka nchi hiyo iwe na ulinzi wa kutosha au mwenye taarifa akubali. Tumeongeza mstari kwenye fomu ya kujiunga na tumejisajili na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Mama mmoja muuza mukene alisoma huo mstari, akauliza Afrika Kusini wanataka nini na akiba yake, akasaini baada ya kuhakikishiwa kwamba kitabu chake cha buluu kinabaki.

Mkataba unaisha baada ya miezi minne. Nimewaandikia kuuliza tukihama tutapewa data zetu zote kwa mafaili ya kawaida yanayofunguka kwenye mfumo mwingine, ndani ya siku ngapi na kwa bei gani. Barua ina wiki mbili sasa. Wamenijibu wanaishughulikia.